Viongeza Utamu Bandia: Manufaa na Mipaka Yake kwa Wagonjwa wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Tuchukue mfano wa mvuvi wa dagaa wa Kilwa Kivinje mwenye kisukari, anayetumia insulini. Kliniki wamemwambia asitoke kwenda baharini bila kitu kitamu, kwa kuwa sukari yake huweza kushuka ghafla. Nyumbani kwake, hata hivyo, sukari imekwisha kupigwa marufuku tangu alipogunduliwa ugonjwa, na juu ya meza ya chai kuna kikopo cha vidonge vyeupe ambacho familia nzima inakiita "sukari ya wagonjwa". Anakitia mfukoni kikopo hicho na kuondoka. Usiku wa manane, katikati ya kuvuta nyavu, mikono inaanza kutetemeka, jasho jembamba linamtoka na macho yanaona ukungu. Anatafuna vidonge vitano, kisha kumi. Ulimi unaonja utamu, lakini damu haipati chochote.

Chanzo cha hatari hiyo ni jina. Kilichomo katika kikopo hicho si sukari ya wagonjwa wala ya wazima. Vidonge vyenyewe, vikitumiwa kwa kiasi, ni salama kwa watu walio wengi, na kwa mgonjwa wa kisukari vina manufaa ya kweli. Ila haviwezi kufanya kazi ya sukari pale ambapo mwili unaihitaji sukari yenyewe. Mgonjwa hana budi kuelezwa mambo hayo mawili kwa pamoja, na mara nyingi huambiwa moja tu.

Viongeza utamu bandia ni kemikali zinazoamsha vipokezi vya utamu vilivyomo ulimini bila kuupa mwili nishati ya kuhesabika. Nguvu zake hutofautiana: saiklameti ina utamu wa mara 30 hadi 50 wa sukari ya kawaida, aspatemu takriban mara 200, sakarini mara 300 au zaidi, na sukralosi hufikia mara 600. Ndiyo maana kidonge chenye miligramu 20 tu za aspatemu huweza kushika nafasi ya kijiko cha chai cha sukari, yaani gramu 4. Sakarini ndiyo kongwe kuliko zote. Iligunduliwa mwaka 1879 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pale mkemia Constantin Fahlberg alipokula chakula bila kunawa vizuri na kushangaa utamu uliokuwa mikononi mwake. Stevia hutokana na majani ya mmea wa Amerika ya Kusini, kwa hiyo si ya bandia kwa maana kamili, lakini kile kinachouzwa dukani ni dondoo iliyosafishwa kiwandani, na mara nyingi huchanganywa na erithritoli ili ijaze pakiti.

Swali ambalo wagonjwa huliuliza kwanza ni kama vitu hivi vinaleta saratani. Hofu hiyo ina historia. Katika miaka ya 1970 panya dume waliolishwa sakarini kwa wingi walipata uvimbe wa kibofu, na kwa muda mrefu bidhaa zenye sakarini nchini Marekani zililazimika kubeba onyo. Baadaye ilibainika kwamba uvimbe ule ulitokana na namna mkojo wa panya unavyofanya chembechembe ngumu zinazokwaruza kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu, na onyo likaondolewa mwaka 2000.

Mwezi Julai 2023 hofu iliamka upya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Habari hiyo ilienea kwa kasi, lakini maana yake ilipotea njiani. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi uliopo. Halipimi ukubwa wa hatari. Ndani ya kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri, mmea ambao nyumba nyingi za pwani zinao uani na hutumiwa kama dawa bila wasiwasi wowote. Wakati huohuo, kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilipitia ushahidi uleule na kubakisha kiwango cha awali: miligramu 40 za aspatemu kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mvuvi wetu mwenye kilo 60 ana nafasi ya miligramu 2,400 kwa siku. Ili avuke mpaka huo kwa vidonge vya miligramu 20, itambidi ameze zaidi ya 120. Hakuna kikombe cha chai kitakachonyweka kwa utamu wa namna hiyo.

Yapo maswali mengine yasiyofungwa bado, na si uaminifu kuyaficha. Ufuatiliaji wa zaidi ya watu wazima 100,000 nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha matumizi makubwa ya viongeza utamu na ongezeko la kiasi la saratani na la magonjwa ya moyo na mishipa. Utafiti wa mwaka 2023 uliwakuta watu wenye erithritoli nyingi katika damu wakipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwingine wa mwaka 2022, uliofanywa Israel kwa watu wazima 120 wenye afya, ulionyesha kwamba sakarini na sukralosi, zikitumiwa kwa wiki mbili, huweza kubadili bakteria wa utumbo na namna mwili unavyopokea sukari. Tafiti mbili za kwanza zina udhaifu unaofahamika: mtu aliyekwisha kunenepa au kuanza kuugua ndiye anayekimbilia viongeza utamu, hivyo huwa vigumu kujua kilichotangulia ni kipi. Ishara hizi zinatosha kumzuia daktari asimhimize mtu mzima mwenye afya kuanza kuvitumia. Hazitoshi kumwambia mgonjwa wa kisukari arudi kwenye vijiko vitatu vya sukari, ambavyo madhara yake hayana shaka.

Wanaopaswa kuepuka aspatemu kabisa ni wachache: waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuvunja fenilalanini. Kwa ajili yao vifungashio hubeba tahadhari ya fenilalanini.

Watoto ndio wanaostahili kuangaliwa zaidi, na ni ajabu kwamba mjadala wote huwa juu ya watu wazima. Mtoto wa Kilwa au Lindi hakutani na viongeza utamu katika kikopo cha duka la dawa. Hukutana navyo katika unga wa juisi wa pakiti, na katika barafu za mifuko zinazotengenezwa kwa unga huo na kuuzwa nje ya shule wakati wa joto. Sukari ni ghali. Saiklameti na sakarini ni rahisi, kwa hiyo mtengenezaji huzitumia kukoleza utamu. Kiwango kinachokubalika cha saiklameti kwa siku ni miligramu 11 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya miligramu 165 tu. Ikiwa lita moja ya kinywaji ina miligramu 350, nusu lita itampa 175, na tayari amevuka, hata kabla ya kuuliza kama muuzaji alitia pakiti mbili mahali pa moja. Kuvuka siku moja si sumu, kwa kuwa kiwango hicho kimewekwa kwa matumizi ya kila siku ya maisha yote na kimeachiwa nafasi kubwa ya usalama. Lakini kuvuka kila siku ya shule ni jambo jingine.

Mzazi anayejua kusoma namba anaweza kujisaidia. Katika orodha ya viambato, mara nyingi baada ya herufi E, 950 ni asesulfamu, 951 aspatemu, 952 saiklameti, 954 sakarini, 955 sukralosi na 960 stevia. Bidhaa isiyo na orodha yoyote haifai kupewa mtoto, na ni haki ya mnunuzi kuitolea taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula nchini.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba viongeza utamu visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo ulitokana na mapitio ya tafiti 283: majaribio ya muda mfupi yalionyesha kupungua uzito kwa chini ya kilo moja kwa wastani, na ufuatiliaji wa muda mrefu haukuonyesha faida. Ushauri huo, kwa maneno yake wenyewe, hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwao swali ni jingine kabisa: je, kubadili sukari ya chai kwa kidonge kutaishusha sukari ya damu?

Kutaishusha, ila kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyotumaini. Vijiko vitatu vya sukari ni gramu 12. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na wanga huo wote huishia kuwa glukosi ndani ya damu. Mgonjwa anayekunywa chai ya kidonge kisha akala sahani ya ubwabwa wa nazi iliyojaa, au vitumbua vinne, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Asali nayo haitoki katika hesabu hii, ijapokuwa inasifiwa sana kuwa ni dawa. Kwa kongosho la mgonjwa wa kisukari asali ni sukari, na sukari guru ni sukari vilevile. Soda ya kawaida ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Hapo ndipo badiliko lina faida kubwa: anayekunywa chupa moja kila siku, akihamia ile isiyo na sukari, na baadaye akazoea maji, ataona tofauti kwenye kipimo.

Upande wa jikoni kuna jambo dogo ambalo huokoa fedha. Aspatemu huvunjika kwa moto wa muda mrefu na kupoteza utamu, kwa hiyo itiwe kikombeni, isichemshwe ndani ya birika wala kukandiwa maandazi. Sukralosi na sakarini huvumilia moto zaidi. Wakati wa Ramadhani uji wa futari na tambi vinaweza kukolezwa kwa hizo badala ya sukari, nazo tende zikabaki moja au mbili.

Na ni Ramadhani hasa ambapo kosa la mvuvi wetu linaweza kumpata yeyote. Mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamidi na anayekusudia kufunga anapaswa kufika kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwandamo, ili dozi zipangwe upya. Kutoboa kidole kupima sukari, kwa rai ya wanazuoni wengi, hakubatilishi funga. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 hana budi kufungua, hata kama magharibi iko karibu, na afungue kwa sukari halisi.

Sukari halisi maana yake ni vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, vikikorogwa katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda yenye neno Zero au Diet haifai hapa. Baada ya dakika 15 apime tena. Kama hana kipimo, aangalie kama kutetemeka kumetulia. Kama bado, arudie. Akipata nafuu ale kitu cha kukaa tumboni, kama mhogo au mkate. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote kinywani: alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya apewe glukosi ya mshipani. Kwa anayeishi Songosongo, ambako safari ya kwenda hospitali ya wilaya huanza kwa chombo cha baharini, vile vijiko vinne vya mwanzo ndivyo vyenye uzito mkubwa zaidi.

Kosa la pili la aina hiyohiyo humpata mtoto anayeharisha. Glukosi iliyomo katika ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Katika ukuta wa utumbo chumvi na glukosi hupita pamoja katika mlango mmoja, na maji huzifuata. Saiklameti haiufungui mlango huo, wala aspatemu. Hivyo maji ya chumvi yaliyotiwa unga wa juisi ili mtoto ayapende, au yaliyotengenezwa kwa vidonge kwa sababu "nyumba hii haitumii sukari", hayafanyi kazi ya ORS. Pakiti za ORS zikikosekana, lita moja ya maji safi na salama hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa, mtoto akinyweshwa kidogo kidogo wakati anapelekwa kituoni.

Kliniki, mhudumu anayempa mgonjwa ruhusa ya kutumia vidonge vya utamu amuulize papo hapo, "Nyumbani sukari ya kawaida ipo wapi?" Jibu likiwa kwamba haipo, mashauri hayajakamilika. Vijiko vinne vifungwe katika karatasi ya nailoni, karatasi hiyo itiwe ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, na chupa ikae kwenye ngalawa pamoja na maji ya kunywa. Wenzake wa chomboni nao waelezwe ni ya nini, maana sukari ikishashuka sana, huenda mwenyewe asikumbuke alipoiweka.