Mpagazi Hayumo Katika Boksi

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba uniazime sikio kwa jambo ambalo pengine utaliona la kitoto. Nataka kuzungumzia visanamu vya askari, vile vya urefu wa sentimita tatu hivi, ambavyo mtu huviunganisha kwa gundi, akavipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha akavipanga mezani na mwenzake wakapigana vita kwa dadu na futi ya fundi cherehani.

Sikuingia katika kazi hii kwa kupenda. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Mwanza, aliletewa boksi na ndugu yetu aishiye Uingereza. Akaja nalo kwangu Jumamosi asubuhi. "Shikamoo, mjomba. Wewe unajua historia. Hebu niambie hawa ni askari gani." Nikatazama picha ya juu. Vita Kuu ya Kwanza, Afrika ya Mashariki: askari wa Mjerumani upande mmoja, askari wa Mwingereza upande wa pili. Yaani babu zetu, wametengenezwa kwa plastiki ya kijivu na kusafirishwa kwa ndege hadi Mwanza.

Mchezo wenyewe si mgeni kama unavyoonekana. Bao letu nalo ni vita: kuna nyumba, kuna kete, kuna kuteka. Wazungu waliufanya wao kuwa somo la jeshi. Huko Prussia, afisa mmoja aitwaye Reisswitz alitoa mwaka 1824 kanuni za kupigana vita juu ya ramani, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake, na maofisa wakafundishwa kwazo. Kiwandani Uingereza, mwaka 1893, kampuni ya William Britain ilianza kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, wakaenea katika nyumba za watu. Kisha mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni za kuchezea askari hao sakafuni, kiitwacho Little Wars. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na havikuchukua muda kufika katika ziwa letu.

Turudi barazani kwangu. Mpwa wangu alitaka kuvunja vile visanamu kutoka katika fremu kwa mikono. Usifanye hivyo, utang'oa mkono wa askari pamoja na bunduki yake. Tumia mkasi wa kucha, kata mbali kidogo na mwili, kisha sawazisha kwa wembe taratibu. Utaona kila kisanamu kina mstari mwembamba ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo ukwaruze usiku huo huo, maana ukishapaka rangi ndipo utakapojitokeza kama kovu. Halafu osha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Gundi tuliyotumia ni supaglu ile ile ya fundi viatu. Inafaa, ila inashika vidole kabla ya kushika plastiki, kwa hiyo weka tone dogo kwa ncha ya njiti. Iko gundi maalumu ya plastiki, ambayo huyeyusha kidogo sehemu mbili zikawa kitu kimoja. Ukiletewa, itumie palipo na upepo. Na kama kisanamu chako ni cha zamani na kizito, huenda kina madini ya risasi ndani yake: mtoto mdogo asikitie mdomoni, na wewe nawa mikono kabla ya kula.

Sasa rangi. Hapa ndipo wengi huharibu, nami niliharibu visanamu vitatu. Kwanza lazima pawe na rangi ya msingi. Tulikwenda kwa fundi mmoja wa gereji anayepiga rangi magari, akatupulizia praima ya kijivu kwa mkono mwepesi, akicheka. Ukiipuliza kwa karibu au nyingi, uso wa askari unajaa na macho yanapotea. Baada ya hapo tumia rangi za maji zinazokauka na kuwa ngumu. Hata rangi ya maji ya ukutani, ile nzuri, inafanya kazi ukiichanganya vizuri. Siri yake ni moja, nayo nilielezwa na fundi yule yule: izimue kwa maji mpaka iwe kama maziwa, upake mara mbili au tatu, kila mara ukingoja ikauke. Mtu mwenye haraka hupaka mara moja kwa rangi nzito, akapata askari aliyechovywa kwenye uji.

Jua letu la mchana nalo ni adui, kwani rangi hukauka juu ya brashi kabla hujafika kwenye kofia. Mpwa wangu aliweka sifongo lenye maji ndani ya kifuniko cha kopo, juu yake karatasi nyembamba, na rangi juu ya karatasi. Ikakaa mbichi saa nzima. Nikiri kwamba mimi sikulifikiria hilo.

Ukishamaliza rangi za kawaida, chukua rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, karibu na chai ya rangi, uimwagie kisanamu chote. Itatiririka kwenye mikunjo ya nguo, chini ya kidevu, kati ya vidole. Ikikauka, chovya brashi kavu katika rangi nyeupe kidogo kuliko ile ya nguo, ifute karibu yote kwenye kitambaa, kisha ipitishe juu juu. Sehemu zilizoinuka zitapata mwanga. Mara ya kwanza nilipoona sura ya mtu inatokea kwenye kile kipande cha plastiki, niliita watu wa nyumbani waje kutazama. Hawakuja.

Lakini rangi gani? Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye vitabu. Askari wa Mjerumani, wa jeshi lililoitwa Schutztruppe, alivaa kaki. Kofia yake ilikuwa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kufunika shingo, na mbele palikuwa na tai wa chuma. Miguuni alizungushia vitambaa, mara nyingi vya buluu iliyoiva. Mkanda na mifuko ya risasi ilikuwa ya ngozi ya kahawia. Cheo kilikuwa mkono wa kushoto, alama nyekundu za pembe: moja kwa ombasha, mbili kwa shaushi. Maneno hayo yana asili ya Kituruki, na wazee wetu waliyatumia kama ya kwao. Kampuni nyingi mwaka 1914 bado zilikuwa na bunduki za zamani za mwaka 1871, ambazo zilitoa moshi mzito na kumfichua mpigaji. Mpwa wangu alibandika pamba kwenye mitutu. Vizuri kabisa.

Askari wa King's African Rifles, wa upande wa Mwingereza, naye alivaa kaki, na mwanzoni mwa vita wengi walikwenda bila viatu. Kwa hiyo usimpake viatu vyeusi kwa sababu tu unavijua vya askari wa siku hizi. Ukitaka kujifunzia, anza na rugaruga, wale wapiganaji wasiokuwa na sare. Kila mmoja alivaa alichokuwa nacho, hivyo ukikosea rangi hakuna atakayekushitaki.

Baada ya wiki tatu tulitaka na ziwa. Vita vyetu hapa vilikuwa vya meli. Wajerumani walikuwa na meli ndogo ya kuvuta matishari, ikiitwa Muansa, wakaifunga mzinga wa milimita 37. Septemba 1914 ilikutana na Winifred ya Waingereza huko Karungu, upande ambao leo ni Kenya, na Winifred, ambayo haikuwa na mzinga, ikageuka. Ilirudi baadaye ikiwa na mwenzake, Kavirondo, na hapo ikawa zamu ya Muansa kuondoka. Novemba mwaka huo meli nyingine ya Waingereza, Sybil, ilikwama kwenye miamba ya Majita. Juni 1915 Waingereza wakaivamia Bukoba kwa meli na kubomoa mnara wa simu ya upepo. Na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza yenyewe, huku Wajerumani wakirudi kusini kuelekea Tabora.

Tulichonga Muansa kwa kipande cha mbao laini, bomba la moshi likatokana na kalamu iliyokwisha wino. Ziwa tulilipaka juu ya ubao. Mpwa wangu akalipaka buluu kama ya kwenye kalenda, nikamwambia twende Kamanga tukatazame. Maji ya ghuba ni ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na buluu huionekana mbali sana asubuhi. Akabadilisha, kisha kwa furaha akapanda magugu maji ya sifongo ufukweni. Yalikuwa mazuri mno. Ikabidi nimwambie ayang'oe, kwa kuwa magugu maji yalionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Winifred haikuyaona. Alinuna mpaka jioni.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kurudi nyuma kutoka Mwanza, Julai 1916. Kila kundi linasogea sentimita kumi na tano kwa zamu, anayepiga risasi anarusha dadu. Askari wangu wa Kijerumani walikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo wazee waliiita bombomu. Nikaisogeza sentimita kumi na tano. Mpwa wangu akanizuia. "Mjomba, hii bombomu nani ameibeba?"

Nilitafuta ndani ya boksi. Tulihesabu visanamu vyote: maofisa, wapiga tarumbeta, askari waliolenga, askari waliopiga goti. Mpagazi hakuwemo hata mmoja.

Ndugu msikilizaji, vita vile vilitembea kwa vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara za magari hazikuwepo, na reli zilikuwa chache. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 27, na yeye mwenyewe alihitaji kula, kwa hiyo palihitajiwa wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wapagazi. Kwa upande wa Mwingereza peke yake, wanahistoria hukisia kwamba waliokufa ni karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa, si kwa risasi. Upande wa Mjerumani hesabu haikutunzwa hivyo. Jeshi la wapagazi la Mwingereza liliitwa Carrier Corps, na pale walipokaa Dar es Salaam pakabaki na jina Kariakoo. Sanamu ya Askari ya mjini humo, ya mwaka 1927, ina mtu mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi, ya mwaka mmoja baadaye, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Nami nina sababu yangu. Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo Wajerumani walipoondoka Mwanza. Hakurudi, na hakuna ajuaye alipozikwa.

Basi tukatengeneza wapagazi wetu. Ni rahisi kuliko unavyodhani. Chukua waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua, upinde uwe mtu: miguu, mgongo, mikono. Kisha nunua gundi ile ya udongo ya fundi bomba, yenye vipande viwili vinavyokandwa pamoja. Una dakika chache kabla haijawa ngumu, kwa hiyo kanda kidogo kidogo na lowesha vidole. Siku ya kwanza vaa waya mwili, uache ukauke. Siku ya pili weka shuka kiunoni na kichwa. Njiti ya meno ndiyo chombo chako. Nguo tulipaka rangi ya kaniki, na miguu tukaipaka vumbi hadi magotini. Chini tulibandika mchanga wa ziwani kwa gundi ya mbao.

Tulitengeneza kumi na wawili, na kanuni tukaibadilisha: bombomu isiyo na wapagazi wanne haisogei. Mchezo ukawa mwingine. Niliacha kuwawinda askari wa mpwa wangu, nikawa nahesabu wabebaji wangu kila zamu kama mwenye duka anayehesabu magunia. Mara mbili nilishinda mapigano nikaiacha bombomu njiani.

Jumapili iliyopita alikuja baba mkubwa, mzee wa zaidi ya miaka themanini, akakaa barazani na kuinua mpagazi mmoja karibu na macho yake. Alimgeuza muda mrefu.

"Nani amewaambia alibeba kichwani?"

Nikamjibu kuwa ndivyo tulivyoona kwenye picha.

"Hao ni watu wa pwani, mwanangu. Baba yangu alituambia sisi tulibeba begani. Babu alikuwa na sugu hapa," akajigusa bega la kulia, "tangu safari za biashara, kabla ya vita."

Mpwa wangu hakusema neno. Alikwenda ndani, akarudi na wembe na ile gundi ya fundi bomba, akaanza kukata mizigo kutoka vichwani, mmoja mmoja. Mpaka naandika maneno haya amemaliza saba. Shingo tunazitengeneza upya, maana mtu aliyebeba begani huinamisha kichwa upande mmoja.