Ujenzi wa Shule Baada ya Vita Nchini Sierra Leone

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sierra Leone, vilivyoanza Machi 1991 katika wilaya ya Kailahun inayopakana na Liberia na kutangazwa kumalizika Januari 2002, viliacha shule nyingi za vijijini zikiwa magofu, kwani zilichomwa moto, ziling'olewa mabati, au ziligeuzwa kambi za wapiganaji. Kwa vijana waliopitwa na umri wa kuanza shule, wakiwemo waliotumikishwa vitani, uliandaliwa mpango wa elimu ya haraka uliobana miaka 6 ya shule ya msingi ndani ya miaka 3.

Katika kujenga upya, kwa kawaida wanakijiji hutoa kiwanja, mchanga, mawe na nguvu zao, na wafadhili hutoa vile visivyopatikana bila fedha taslimu, yaani saruji, nondo, misumari na mabati. Mvua za huko, zinazoanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, ni kubwa mno, hata tofali la udongo mtupu humomonyoka kuanzia chini ya ukuta, pale maji yanapodunda ardhini na kurukia juu; kwa hiyo fundi mzoefu huchanganya udongo na saruji kidogo, huinua msingi, hurefusha paa lipite ukuta, na huhakikisha kuwa jengo limeezekwa kabla ya masika, wakati ambapo malori hukwama na vifaa havifiki.

Hata hivyo, kazi iliyo ngumu zaidi, na ambayo wafadhili wengi huipa uzito mdogo kuliko inavyostahili, ni kumpata mwalimu na kumfanya abaki. Shule iliyoanzishwa na wananchi wenyewe haina budi kuidhinishwa na serikali ndipo walimu wake waingizwe katika orodha ya mishahara, na idhini hiyo huweza kuchelewa kwa miaka. Katika kipindi hicho hufundisha mwalimu wa jamii, yaani mtu wa kijijini mwenye elimu kiasi, mara nyingi asiye na mafunzo ya ualimu, ambaye wazazi humlipa mchele au mafuta ya mawese, ama humlimia shamba lake. Ni haki kusema kwamba walimu hao ndio walioinusuru elimu ya vijijini. Mpango wa elimu bila ada uliozinduliwa mwaka 2018 ulizihusu shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, hivyo mzigo wa kumtunza mwalimu katika shule isiyoidhinishwa umebaki kwa wazazi, ambao ni maskini kuliko wote.