Ugali Upi? Mjadala wa Wanga na Sahani ya Ugogo

Katika mjadala wa mlo wa wanga kidogo, ambao kwa miaka ya karibuni umeteka mazungumzo ya afya nchini Tanzania, mshtakiwa mkuu amekuwa ugali, na jina linalotajwa zaidi ni la Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa magonjwa ya moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Ushauri wake wa kupunguza wanga, sukari na idadi ya milo ulizua utani mwingi, lakini wengi waliobishana juu yake waliuzungumzia ugali kana kwamba ni kitu kimoja, jambo ambalo mlaji wa Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ana sababu ya kulitilia shaka.

Wanga ni aina ya kabohaidreti ambayo ikimeng'enywa huwa glukosi, sukari nyepesi inayoingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha seli kuipokea sukari hiyo na inayozuia mafuta ya akiba yasitumike kwa wakati huo. Watetezi wa mlo wa wanga kidogo husema kwamba wanga ukipungua insulini hushuka na mafuta hutumika, na ukipungua mno ini hutengeneza ketoni, kemikali zitokanazo na mafuta ambazo hata ubongo huweza kuzitumia. Hoja hii ni kongwe: mwaka 1863 William Banting wa London alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua uzito kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uzito unaopotea katika wiki ya kwanza ni maji, kwa kuwa glaikojeni, yaani akiba ya glukosi katika ini na misuli, huhifadhiwa pamoja na maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018, ulioshirikisha watu 609 kwa mwaka mmoja, uliona kundi la wanga kidogo likipungua wastani wa kilo 6.0 na kundi la mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti isiyotosha kumpa yeyote ushindi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba makundi yote mawili yaliagizwa kuepuka sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa.

Hapo ndipo hoja inapofika Ugogoni, nchi ya Wagogo huko Dodoma. Sembe ni unga wa mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi na sehemu ya vitamini, ilhali uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame wa nyanda za kati, zikisagwa bila kukobolewa hubaki na nyuzinyuzi hizo, na mboga ya mlenda inayoliwa nazo ina ute ambao hupunguza kasi ya glukosi kuingia katika damu. Haifai kutia chumvi: takribani theluthi mbili ya uzito wa uwele ni wanga, na bonge kubwa hubaki bonge kubwa. Wala utamu wa shambani hausameheki kwa kuwa ni wa shambani, kwani zabibu, zao ambalo kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora kinajulikana kwalo, zikikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake huwa sukari.

Ushauri wa kupunguza wanga unamlenga hasa mtu wa ofisini anayekula sembe, chapati na soda kisha akakaa kutwa; akiuchukua bila kuupima mtu anayelima kwa jembe, atalazimika kufidia nguvu alizokuwa akizipata kwenye ugali kwa mayai, nyama au samaki, vyakula ambavyo bei yake haimruhusu kuvila kila siku. Kwa watoto haufai kabisa, katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takribani asilimia 30 ya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi vinavyochochea kongosho kuitoa, akiacha ugali ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari yake yaweza kushuka hadi akatetemeka, akachanganyikiwa na kuzimia. Kwa huyo, dozi hupangwa upya kliniki kabla sahani haijabadilishwa.