Mrututu, Shabu na Shaba: Jina na Kampaundi katika Kiswahili cha Pwani

Miongoni mwa kampaundi za shaba na salfa iko moja ambayo Kiswahili kiliipa jina kabla ya somo la kemia kuingia katika shule zetu. Jina hilo ni mrututu. Makala haya yanakusudia kueleza jina hili limebeba nini, linafika wapi, na linakomea wapi. Mifano ya matumizi tumeichukua Kwale, hasa Diani na Msambweni, kwa sababu huko suala la jina linagusa maji ya watu na afya yao.

Tuanze na kitu chenyewe. Mrututu ni fuwele za buluu ambazo fomula yake ni CuSO₄·5H₂O. Katika gramu 100 za mrututu, shaba haizidi gramu 25 na ushei. Maji ni gramu 36. Zinazobaki ni salfa na oksijeni. Maji hayo si unyevu uliogandama nje, bali ni sehemu ya muundo wa fuwele: molekuli nne zimeizunguka ioni ya shaba, na ya tano imeshikamana na salfeti. Rangi ya buluu inategemea mpangilio huo. Fuwele zikikaangwa juu ya moto, maji hutoka kwa awamu, ya mwisho yakihitaji joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, na kinachobaki ni unga mweupe. Ukidondoshewa maji, unga huo hupata joto na kurudia ubuluu wake. Msumari wa chuma ukitumbukizwa katika maji ya mrututu hutoka umevikwa utando mwekundu wa shaba, maana chuma huingia katika myeyusho na shaba hutoka.

Sasa tulitazame neno. Katika mrututu hamsikiki shaba wala salfa. Kinyume chake, lipo neno shabu, ambalo kwa sikio la mgeni lingeweza kudhaniwa kuwa ndugu wa shaba, ilhali shabu haina shaba hata chembe: ni salfeti ya alumini na potasiamu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini shina si moja. Shabu ni shabb ya Waarabu; shaba hunasibishwa na shabah, yaani shaba ya njano, iliyoitwa hivyo kwa kushabihi dhahabu. Hivyo basi, kitu chenye shaba kina jina lisilotaja shaba, na kitu kisicho na shaba kina jina linaloikaribia. Shabu hutumika kutuliza maji yenye tope ili yatekwe safi. Mrututu ukitiwa katika mtungi huohuo ni sumu: huleta kutapika, na ukizidi hudhuru ini na figo. Kosa la irabu moja katika maandishi ya dukani si jambo dogo.

Mrututu umetoka wapi? Wagujarati wanao morthuthu, jina la kitu hichohicho. Mor ni tausi, na thuthu inarejea tuttha ya Kisanskriti. Sisi tunaona kwamba neno liliingia pwani kupitia maduka ya Wahindi, silabi ya kwanza ikafasiriwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyokuwa kwa msumari uliotokana na mismar ya Kiarabu, kisha irabu zikalandana. Mtetemo wa r ulibaki, tausi akapotea. Leo neno lina upatanisho kamili: mrututu huu unayeyuka.

Salfa nayo ilikuwa na jina: kibiriti, au kibiriti upele kwa kuwa ilitibu upele. Lakini kibiriti kimehamia kwenye njiti za kuwashia moto, na hata kama kingebaki mahali pake kisingetufaa sana, kwa sababu kemia hutaka familia ya majina. Salfidi haina oksijeni; salfiti inayo; salfeti inayo zaidi. Mawe yaliyochimbwa Kilembe nchini Uganda kati ya 1956 na 1982 yalikuwa na salfidi ya shaba na chuma, kitu kilicho mbali kabisa na mrututu. Kibiriti hakizai majina hayo.

Turudi Kwale. Msambweni imejulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1980 kwa uchunguzi mrefu wa kichocho cha mkojo, ambacho kimelea chake hukulia ndani ya konokono wa vidimbwi, hasa Bulinus nasutus. Salfeti ya shaba ilitumika kuua konokono Misri na Sudan, mpaka niklosamidi ilipoanza kushika nafasi yake katika miaka ya 1960. Mtu wa Msambweni akisikia habari hiyo huenda akadhani kwamba kifuko cha mrututu kinatosha kusafisha kidimbwi cha kijiji. Kemia inakataa. Kinachomuua konokono ni ioni ya shaba iliyo huru majini, na ioni hiyo haikai huru kwa muda mrefu. Tope na majani yaliyooza huishika. Karibu na bahari, kama Diani, ambako nchi imekalia mawe ya matumbawe, maji hubeba chokaa nyingi iliyoyeyuka, na shaba hutulia chini kama mashapo ya kijanibuluu. Konokono waliojizika katika udongo wakati wa kiangazi haifiki kabisa. Samaki, maskini, huipata yote.

Tabia hiyohiyo ya chokaa ina faida penginepo. Mwaka 1885 Millardet wa Bordeaux alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa dhidi ya ukungu wa mizabibu. Chokaa huizuia shaba isiyeyuke upesi, hivyo haiunguzi majani, nayo hukaa juu yake muda mrefu zaidi.

Kwa maoni yetu, waundaji wa istilahi wasilitupe neno mrututu kwa kuwa ni la dukani, wala wasilinyooshe kupita kipimo chake. Liwe jina la fuwele za buluu zenye maji matano, basi. Kampaundi kwa ujumla iitwe salfeti ya shaba. Na ule unga mweupe, ambao mrututu hauwezi kuutaja bila kuupaka rangi usiyo nayo, uitwe salfeti kavu ya shaba. Katika kifuko kinachouzwa Ukunda au Msambweni majina mawili ya kwanza yaandikwe pamoja, la mwenyeji likitangulia, na chini yake kwa herufi kubwa: SI SHABU.