Gari la Michezo na Barabara ya Mabogini: Hesabu Kabla ya Kushusha Springi

Atokaye mjini Moshi kuelekea kusini hushuka taratibu mpaka tambarare za Mabogini, ambako maji ya mito ya Rau na Njoro humwagilia mashamba ya mpunga. Akielekea kaskazini, hupanda miteremko ya Kilimanjaro kwa barabara zenye kona nyingi, kama ile ya Kibosho. Katika safari fupi gari hukutana na lami, kona kali, matuta, changarawe na, wakati wa masika, tope jeusi linalonata. Kwa mwalimu wa fizikia, eneo hili ni maabara iliyo tayari.

Vijana wengi siku hizi huvutiwa na magari kama Subaru Impreza na Toyota Altezza, yaletwayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Pengine jambo la kwanza analolitamani mwenye gari la namna hiyo ni kulishusha karibu na ardhi na kulivika magurudumu makubwa. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya sura tu. Lakini wako wanaoamini kwamba gari lililo chini ni salama zaidi. Je, imani hiyo ni ya kweli? Ni ya kweli kwa kiasi, na kiasi hicho chaweza kupimwa.

Faida ya kushusha

Gari linapokata kona, sehemu ya uzito wake huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kani inayohama hupatikana kwa kuzidisha tungamo la gari, mchapuko wa kuelekea ndani ya kona, na kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawanya kwa upana uliopo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Lichukuliwe gari la kilogramu 1,200, lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kilicho mita 0.5 juu ya ardhi. Likikata kona kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba, kani inayohama ni nyutoni 2,000. Upande wa nje, uliokuwa ukibeba nyutoni 6,000, sasa hubeba 8,000; upande wa ndani hubakiwa na 4,000. Gari likishushwa milimita 30, kani inayohama huwa nyutoni 1,880. Upungufu huo ni asilimia 6. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa na watu wengi.

Hasara isiyoonekana

Springi ni ghala la nishati. Gurudumu linapogonga jiwe au kutumbukia shimoni, springi hubonyea na kuipokea nishati ya pigo. Shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, huigeuza nishati hiyo kuwa joto. Lakini springi haina nafasi ya kubonyea bila mwisho. Upo mpira wa kikomo, na springi ikifika hapo, pigo lote huenda kwenye bodi ya gari.

Kwa kurahisisha hesabu, kila springi ibebe kilogramu 300 na iwe na ukakamavu wa nyutoni 20 kwa kila milimita. Gari likiwa limetulia, nafasi iliyobaki kabla ya kikomo ni milimita 80. Kwa kanuni ya Hooke, nishati inayoweza kupokewa kutoka hapo ni nusu ya ukakamavu mara mraba wa nafasi hiyo, yaani jouli 64. Gari likishushwa milimita 30 bila kubadili ukakamavu, nafasi hubaki milimita 50, na nishati hushuka mpaka jouli 25. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima: gari limeshuka kidogo, lakini uwezo wake wa kuhimili mashimo umepungua kwa zaidi ya nusu.

Ili kuurudisha uwezo wa jouli 64, springi mpya yapasa kuwa na ukakamavu wa nyutoni 51 hivi kwa milimita. Springi ngumu kiasi hicho hulifanya gari litetemeke kwa marudio ya 2.1 kwa sekunde badala ya 1.3. Abiria watayajua mabadiliko hayo kwa migongo yao, na shokomzoba za zamani hazitaweza kuyatuliza.

Baadhi ya mafundi hukata springi kwa msumeno. Springi yenye mizunguko minane ikikatwa mmoja, ukakamavu hupanda kutoka 20 mpaka 23 tu. Ikikatwa miwili, mpaka 27. Kiasi hicho ni mbali sana na 51, ilhali gari limekwisha kushuka. Tena springi iliyofupishwa yaweza kuchomoka katika kikalio chake gurudumu linaponing'inia. Wanaoilegeza kwa moto wa gesi hufanya kosa kubwa zaidi, kwa sababu joto huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani.

Hesabu ya tuta

Gari hilohilo liwe na nafasi ya milimita 140 kati ya tumbo lake na ardhi. Wakipanda abiria watatu wa kilogramu 70 kila mmoja, springi nne za awali hubonyea milimita 26, na nafasi hubaki 114. Tuta la milimita 100 litapitwa salama kwa mwendo wa polepole. Likishushwa kwa springi zilezile, hubaki milimita 84, na tumbo litakwaruza. Likishushwa kwa springi ngumu, hubaki milimita 100 kamili: likitikisika kidogo tu, litagusa. Na chombo cha oili ya injini, ambacho mara nyingi kiko chini kabisa, kikipasuka, injini yaweza kufa katika muda wa dakika chache.

Tairi na rimu

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi hazikuwekwa kwa urembo. Katika 195/60 R15, namba 195 ni upana kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 117. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 381. Kipenyo cha gurudumu zima, basi, ni milimita 615.

Atakaye rimu ya inchi 16 akichagua 205/50 R16, kipenyo huwa milimita 611, na kipima mwendo hakitapotoka sana. Lakini akichagua 205/60 R16, kipenyo huwa milimita 652, ongezeko la asilimia 6. Kipima mwendo kikisoma kilometa 80 kwa saa, gari litakuwa linakimbia 85 hivi, na dereva hatajua. Tena tairi hilo laweza kusugua madigadi usukani unapokatwa.

Ubavu mfupi una faida yake, kwa kuwa haupindi sana katika kona. Lakini shimoni ubavu huo ndio mto wa rimu. Ukipungua kutoka milimita 117 mpaka 102, rimu huwa karibu zaidi na jiwe. Na katika tope la masika, tairi pana huelea juu ya utelezi badala ya kukata mpaka udongo mgumu.

Funzo la Safari

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi kupita Kenya, Uganda na Tanzania, yalikwisha kutoa hukumu. Gari la michezo aina ya Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Mwaka 1978 Porsche walileta gari lao la 911 likiwa limeinuliwa sana, wala halikushushwa. Hata hivyo lilikuwa la pili, nyuma ya Peugeot 504. Wahandisi wale walikuwa na fedha na maarifa, wakaamua kwamba katika barabara za Afrika Mashariki nafasi ya springi ina thamani kuliko uchini wa gari.

Jaribio la shuleni

Wanafunzi waweza kuanza na gari lolote lililoegeshwa mahali pa sawa. Wapime kimo cha madigadi yote manne, kisha waingie wanne wenye jumla ya kilogramu 240, na vimo vipimwe tena. Wastani ukishuka milimita 30, ukakamavu wa springi zote kwa pamoja ni nyutoni 2,400 kugawanya kwa 30, yaani nyutoni 80 kwa milimita. Wapime pia nafasi iliyo chini ya tumbo la gari, na kimo cha tuta lililo karibu na shule.

Mwenye gari naye afanye vivyo hivyo kabla ya kwenda kwa fundi. Akiishi Mabogini na kupita matuta na tope kila siku, huenda akagundua kwamba shokomzoba mpya na tairi nzima za kipimo cha kiwandani zitampa utulivu anaoutafuta pale Kibosho, bila kumnyima njia ya kurudi nyumbani.