Soma Kibati, Usisome Boksi
Pawa saplai ya kompyuta ya kwanza ya michezo

Fundi wa umeme kiwandani akiletewa mota mpya hatazami rangi yake. Huinama akasoma kibati kilichopigiliwa ubavuni: volti ngapi, ampea ngapi, mizunguko mingapi. Asiposoma, mota itaungua, naye ataulizwa. Jambo hilo kila mfanyakazi wa mashine analijua. Ajabu ni kwamba mfanyakazi huyo huyo akienda mjini kumnunulia kijana wake vipande vya kompyuta, au kujinunulia mwenyewe, husoma maandishi makubwa ya boksi na kulipa.

Siku hizi vijana wengi wa laini za mashambani na wa mitaa ya viwanda wanaunda wenyewe kompyuta za kuchezea michezo. Hununua kipande kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao, pengine kwa fedha za upatu. Kipande kinachotamaniwa ni kadi ya picha, maana ndiyo inayochora mchezo kwenye kioo, na ndiyo ghali kuliko vyote. Basi fedha nyingi huishia hapo. Vijisenti vinavyobaki ndivyo hununua pawa saplai, kile kisanduku cha chuma chenye feni ambacho hukaa kwenye kona ya kasha na hakuna anayekiona. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa kifaa hicho kimeungana na vyote vingine. Kikifa vibaya hakifi peke yake.

KAZI YAKE NI NINI

Umeme wa ukutani katika nchi zetu ni wa volti 220 hadi 240, nao hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo. Pawa saplai huupunguza na kuunyoosha uwe umeme wa njia moja kama wa betri, katika mafungu matatu makubwa: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Zamani, miaka ya 1990, kompyuta ilikula sana volti 5. Leo prosesa na kadi ya picha, yaani walaji wakubwa, hulishwa kwa volti 12. Ukilishika hilo umeshika nusu ya mambo yote.

Sasa chukua kisanduku cha bei rahisi kilichoandikwa wati 500. Kigeuze utafute kibati chenye jedwali. Chini ya +12V utaona idadi ya ampea. Ikiwa ni 20, zidisha kwa 12: unapata wati 240. Hizo ndizo wati za kazi. Zilizobaki mwenye kiwanda amezijumlisha kutoka mafungu ya volti 5 na 3.3 ambayo kadi yako haitayagusa, au ameziandika tu. Kisanduku cha kweli cha wati 550 huonyesha ampea 45 hivi kwenye volti 12, yaani wati 540. Ikiwa jedwali halipo kabisa, rudisha kisanduku mezani, umwambie muuzaji asante.

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Tuchukue kompyuta ya kadiri: prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyopimwa wati 65 lakini huweza kupanda hadi 76 ikifanya kazi kwa nguvu, na kadi ya GeForce RTX 3060, wati 170. Weka wati 50 za ubao mama, diski na feni. Jumla haifiki 300. Lakini NVIDIA, wenye kadi hiyo, hushauri pawa saplai ya wati 550. Je, ni mbinu ya kuuza? Sivyo. Kadi ya picha ni kama mota inayowashwa: kwa sehemu chache za elfu za sekunde huvuta umeme kupita kiwango chake. Kisanduku kisicho na akiba hapo huzima, na kijana hudhani ni kadi imekufa. Tena, kisanduku kinachofanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake hupata joto kidogo, na kapasita zake huishi zaidi.

Kwa upande mwingine, wati 550 za kweli zikitosha, usikubali kuuziwa 1000. Wapo pia wanaoogopa kisanduku kikubwa wakidhani kitakula luku. La hasha. Pawa saplai huvuta kile kinachodaiwa na kompyuta, pamoja na kinachopotea kama joto, basi.

HABARI ZA DHAHABU

Kwenye boksi utaona alama ya 80 PLUS pamoja na daraja: Bronze ni shaba, Gold ni dhahabu, na kuendelea. Mpango huu ulianza mwaka 2004, na kinachopimwa ni upotevu. Kompyuta ikidai wati 300 kupitia kisanduku cha ufanisi wa asilimia 80, ukutani huvutwa wati 375. Kikiwa cha asilimia 90 huvutwa 333. Tofauti ni wati 42. Ukicheza saa tatu kila usiku, kwa mwezi ni uniti zisizofika nne. Kila mmoja apige hesabu kwa bei ya uniti ya kwao aone kama dhahabu inalipa. Kwa wengi wetu shaba inatosha.

Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu usalama, na hili lisahauliwe na wauzaji, si na sisi. Mwaka 2021 pawa saplai za Gigabyte za aina ya P750GM na P850GM, zenye daraja la Gold, zililipuka mikononi mwa wapimaji zilipobebeshwa mzigo mkubwa. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba imeshusha kiwango ambacho kinga ya mzigo hukata umeme, ikakubali kubadilisha zile za namba fulani. Baya zaidi, wakati ule kadi za picha zilikuwa adimu, na duka la Newegg la Marekani lilikuwa likiuza kadi kwa sharti la kununua na kisanduku hicho pamoja. Mnunuzi alilipia asichokihitaji ili apate anachokihitaji. Desturi hiyo tunaifahamu tangu enzi za maduka ya mashamba.

Kwa hiyo tafuta kinga zilizoandikwa waziwazi: ya volti kuzidi, ya mzigo kuzidi, ya shoti, ya joto. Tazama pia dhamana. Viwanda vinavyojiamini hutoa miaka mitano, saba, hata kumi. Anayetoa wiki mbili amekwisha kukuambia anavyokiona kisanduku chake.

MTUMBA NA UMEME WETU

Wengi huanzia kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, kwa sababu ni nafuu. Si wazo baya, ila pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 240 hadi 300, na baadhi zina plagi za kwao wenyewe ambazo haziingiliani na kipimo cha ATX kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Fungua kasha, hesabu matundu ya plagi, kabla ya kununua kitu. Ikiwa kisanduku hakibadilishiki, tafuta kadi isiyohitaji waya wake wa umeme. Tundu la ubao mama huweza kuipa kadi hadi wati 75, na zipo GeForce GTX 1650 za namna hiyo. Plagi ya pini sita huongeza wati 75, ya pini nane wati 150. Zile adapta nyembamba za kugeuza plagi ya diski kuwa ya kadi ziache dukani. Waya wake huyeyuka. Na waya za kuchomoka za kisanduku kimoja usizichomeke kwenye kingine, hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa pini hutofautiana, na diski nyingi zimeungua hivyo.

Vya zamani vina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiwa kompyuta ilitoka Marekani, swichi hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani kwetu, utasikia mlio mmoja tu.

Umeme unapokatika, pawa saplai nzuri huishikilia kompyuta kwa muda wa sehemu 17 hivi za elfu za sekunde, pungufu ya mzunguko mmoja wa umeme wetu. Hiyo humpa UPS nafasi ya kushika, lakini haikuokoi na umeme unaorudi kwa kishindo. Chomoa waya umeme ukikatika, usubiri utulie.

Kuhusu nyaya za nyumba za laini: kompyuta hii hula kidogo kuliko pasi. Tatizo ni soketi iliyolegea na nyumba isiyo na waya wa ardhi. Ukigusa kasha ukatekenywa, hiyo ni kazi ya kapasita ndogo za kuchuja umeme ndani ya pawa saplai. Hupeleka mvujo kwenye chuma zikitegemea ardhi iuchukue. Ardhi haipo, basi mvujo unakungoja wewe. Dai la waya wa ardhi lipelekwe kwa mwenye nyumba, na ikiwa mwenye nyumba ni kampuni, lipitie kwa mjumbe wa tawi.

Mwisho, kisanduku chenyewe kisifunguliwe. Ndani yake mna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na huweza kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa. Kikiharibika, kirudishwe dukani pamoja na risiti. Risiti hiyo ibandikwe kwa gundi upande wa ndani wa mlango wa kasha, mahali ambapo haitapotea.