Kwenda Kuona Kimondo na Mtoto Mchanga

Mavuno yakiisha watu hupenda kutembea. Kutoka hapa Chapwa wengine huenda kuona Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi. Kimondo hicho ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake unapita tani 10. Mpima ardhi W. H. Nott aliandika habari zake mwaka 1930, lakini wenyeji walikijua tangu zamani.

Wazazi wakipanga safari hii huhesabu nauli na chakula chao. Mtoto mchanga hubebwa tu mgongoni, kama mzigo usiohitaji kitu. Jambo hili ni la hatari. Mwili wa mtoto ni mdogo, na maji yaliyomo ni machache. Akitoka jasho sana, akitapika au akiharisha, maji hayo hupungua upesi. Mtu mzima anaweza kuvumilia kutwa nzima. Mtoto wa miezi minne anaweza kuwa mahututi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo anzeni na ziwa la mama. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hunyonya tu. Hahitaji maji, hata jua likiwa kali, kwa sababu maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Maji machafu ya njiani ndiyo yatakayomharisha. Anayetakiwa kunywa maji safi ni mama. Akina mama wengi hukaa na kiu safarini kwa kuogopa kukosa mahali pa kujisaidia. Ndugu baba, mwambie dereva asimame. Usione haya, hiyo ni kazi yako.

Barabara yetu ni ya malori yaendayo Zambia, na foleni ya Tunduma mnaijua. Safari ya saa moja yaweza kuwa ya saa tatu. Mtoto anyonye kila anapotaka, asingojeshwe mpaka mfike. Kanga moja yatosha kumsitiri mama mbele ya abiria.

Sasa tuangalie nguo. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ya Mbozi ni ya baridi kali. Mtoto huvikwa sweta, kofia na blanketi, na ni sawa. Lakini saa sita mchana, ndani ya gari lililojaa watu, bado amefungwa vile vile! Mguse shingoni. Ukiona jasho, mpunguzie nguo. Tena msimweke mtoto uchi juu ya kimondo ili apigwe picha. Chuma kilichokaa juani huunguza.

Kutoka barabara kuu hadi Ndolezi ni njia ya kando, na wengi hupanda pikipiki. Mtoto akibanwa katikati ya watu wawili hukosa hewa, na pikipiki ikianguka yeye ndiye huumia zaidi. Ni afadhali familia tatu au nne zichangishane kukodi gari. Mama na mtoto wakae kiti cha nyuma, si nyuma ya pikapu wazi. Na mtoto ambaye hajafika wiki sita abaki nyumbani na mama yake. Kimondo hakiendi popote.

Wako wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale njiani. Msifanye hivyo kabisa. Dawa hiyo inaweza kumpunguzia pumzi.

Kwenye mfuko wa mtoto tieni paketi mbili za ORS na chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Akiharisha, changanyeni paketi moja na lita hiyo nzima. Mpeni kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akiendelea kunyonya. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mkiona utosi umebonyea, macho yamedidimia, hakojoi, amelegea, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu au ana degedege, acheni matembezi. Mpelekeni hospitali ya Vwawa mara moja. Chukueni na kadi yake ya kliniki. Mganga wa huko hamjui mtoto wenu, na kadi ndiyo itakayomwonyesha uzito wake na chanjo alizokwisha kupata.